Mali Bila Daftari: Hazina ya Serikali Imepangwaje, na Inamfanyia Nani Kazi?

(Hotuba iliyotolewa Kiirua, Meru, mbele ya wapenda mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali)



Nimepewa jukumu la kueleza jinsi Hazina ya serikali ilivyopangwa na kazi inayofanya. Najua wapo watakaosema kwamba somo hili ni la wahasibu, na kwamba mpigania haki ana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia: uchaguzi, mahakama, polisi, Katiba. Nawaomba wanivumilie. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi walidhani kazi imekwisha. Vyama vikawa vingi, uchaguzi ukafanyika Desemba 1992, lakini funguo za Hazina zikabaki katika mkono ule ule. Kabla mwaka uliofuata haujaisha, nchi nzima ilikuwa imelijua jina la Goldenberg.

Hoja yangu leo ni moja. Serikali inaweza kubadili jina, chama na sura, nayo ikabaki ile ile, iwapo mkono unaopanga matumizi ya fedha ndio unaozitoa, ndio unaozitumia na ndio unaojikagua. Hazina njema ni ile ambayo mikono hiyo imetenganishwa. Na kati ya mkono na mkono, sheria yetu ya sasa imeweka nafasi ya raia. Nafasi hiyo mara nyingi iko tupu, na kosa la utupu huo si la serikali peke yake.

SANDUKU LA YOASHI

Nianze na Maandiko, kwa kuwa wengi wenu mnayafahamu kuliko sheria za fedha. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, tunasimuliwa kwamba Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu, na kwa fedha hizo watengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana. Makuhani walizipokea. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na mabomoko yalikuwa bado pale pale.

Angalieni kwamba habari hiyo haisemi makuhani walikuwa wezi. Inaonyesha tu kwamba waliopokea ndio waliotakiwa kutumia, na kazi haikufanyika. Mfalme akabadili utaratibu. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Walinzi wa mlango wakatia humo kila kilicholetwa. Fedha zilipokuwa nyingi, alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakazihesabu wote wawili, wakazifunga katika mifuko. Kisha zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Ukarabati ukafanyika.

Wapo wanaoutumia mstari mmoja wa habari hiyo, usemao kwamba wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu, ili wawanyamazishe waumini wanaouliza. Mimi nawajibu: someni sura nzima. Kabla fedha hazijawafikia wasimamizi hao, zilikuwa zimepita katika tundu la sanduku mbele ya walinzi, na zimehesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili tofauti. Uaminifu wao ulisimama juu ya utaratibu. Huo ndio msingi wa Hazina yoyote duniani, na wahenga wetu waliufupisha kwa kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Mara nyingi kiongozi husimama mbele yetu akasema kwamba serikali imetuletea barabara, nasi tukapiga makofi. Lakini serikali haina shamba la viazi. Ilicho nacho imekitoa kwetu, au imekikopa kwa jina letu.

Mama wa Kiirua akinunua kipande cha sabuni dukani, ndani ya bei ile mna kodi ya VAT ya asilimia 16. Lori linapopakia viazi vyetu kwenda Nairobi, kila lita ya dizeli tangu Julai 2024 hulipiwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa shilingi 18. Mwenye lori haubebi mzigo huo yeye. Huuteremsha juu ya mkulima kwa kupunguza bei ya gunia. Na mkulima huyo huyo akipeleka mazao sokoni, hulipa ushuru wa kaunti. Basi asidanganyike mtu kwamba anayelipa kodi ni mwenye mshahara tu. Kila aliye hapa, hata bibi asiye na kazi ya kuajiriwa, ni mlipa kodi, na kwa hiyo ni mwenye mali.

Kodi za taifa hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, iliyoanza kazi Julai 1995. Kabla ya hapo idara za kodi ya mapato, za forodha na za VAT zilikuwa chini ya Hazina yenyewe. Fedha zinazokusanywa huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali, ambao umetajwa katika Ibara ya 206 ya Katiba ya 2010. Panapopunguka, serikali hukopa. Mwaka 2024 deni la taifa lilikuwa limekwisha kupita shilingi trilioni 10. Mkopo ni kodi ya kesho. Watakaoulipa ni hawa vijana na watoto wao.

HAZINA YA TAIFA NA IDARA ZAKE

Hazina ya Taifa ilivyo leo imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Juu yake yuko Waziri wa Fedha, ambaye huingia katika Baraza la Mawaziri na kujibu mbele ya Bunge. Chini yake yuko Katibu wa Wizara, ambaye ndiye mtendaji na mwenye dhamana ya hesabu za ofisi hiyo. Chini ya Katibu ziko kurugenzi, na kazi zake kubwa nitazitaja kwa ufupi.

Kwanza ni bajeti na uchumi. Hawa hukadiria nchi itapata kiasi gani, hupendekeza kila wizara ipewe kiasi gani, na huandika Taarifa ya Sera ya Bajeti ambayo sheria inataka ifike Bungeni kufikia tarehe 15 Februari kila mwaka. Makadirio kamili ya mapato na matumizi hufuata kufikia mwisho wa Aprili, miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni.

Pili ni deni. Iko ofisi inayoandika kila mkopo, wa ndani na wa nje, masharti yake na siku ya kuulipa.

Tatu ni uhasibu. Hawa huweka kanuni za hesabu kwa wizara zote na kutunza mtandao wa kompyuta unaoitwa IFMIS, ambamo malipo ya wizara na ya kaunti hupitia.

Nne ni mali na uwekezaji, yaani hisa za serikali na usimamizi wa mashirika ya umma.

Hazina haijengi barabara, haiajiri mwalimu wala haimtibu mgonjwa. Wizara nyingine ndizo zinazofanya hayo. Hazina ni mlango ambao kila shilingi hupitia ikienda kufanya hayo. Anayeushika mlango huo peke yake anashika nchi, hata kama hakupigiwa kura na mtu.

ZAMANI MIKONO ILIKUWA MMOJA

Katika Katiba ya zamani kulikuwa na afisa mmoja aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa pamoja. Kama Mdhibiti, aliidhinisha fedha zitoke. Kama Mkaguzi, alichunguza kama zilitoka na kutumika kwa haki. Ni sawa na mwanafunzi kusahihisha mtihani wake mwenyewe. Tena mwaka 1986 Bunge la chama kimoja likamnyang'anya afisa huyo ulinzi wa kazi yake, pamoja na Mkuu wa Sheria, hata ikawa Rais anaweza kumwondoa atakapo. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, wakati madai ya mageuzi yalipopamba moto mimbarini na barabarani.

Katika udhaifu huo ndipo Goldenberg ilipozaliwa. Sheria iliruhusu mfanyabiashara anayeuza bidhaa nje alipwe fidia ya asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg ikapewa haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi, nayo ikaahidiwa asilimia 35. Ile 15 ya ziada haikuwa ndani ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Hata hivyo karatasi ziliandikwa, mihuri ikagongwa, na mabilioni yakatoka. Bei za vitu zilipanda kwa karibu asilimia 46 katika mwaka wa 1993, na aliyelipa ni yule mama wa sabuni.

Nani alisema? Hazina ilinyamaza. Aliyesema ni karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, ambaye katika kazi yake ya kila siku aliziona karatasi hizo, akaona hazilingani na ukweli, akawapa wabunge wa upinzani nakala. Alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, na hata kesi ilipoondolewa hakurudishiwa kazi. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Ndugu zangu, taifa linalotegemea ushujaa wa karani mmoja ili hazina yake isiibwe ni taifa lisilo na mlango. Twamheshimu Munyakei, lakini njia ya kumheshimu ni kujenga utaratibu ambao hautamhitaji mtu kama yeye aangamie.

Wala tusidhani kwamba kubadilisha chama kulitosha. Desemba 2002 tuliiondoa KANU kwa kura. Aprili 2004 Mbunge wa Ntonyiri, Maoka Maore, aliwasilisha Bungeni nyaraka za mkataba wa pasipoti wa kampuni iliyoitwa Anglo Leasing. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa David Mwiraria, Mbunge wa Imenti Kaskazini. Mwiraria alijiuzulu Februari 2006 ili uchunguzi ufanyike, akikanusha kwamba alitenda kosa. Sikusudii kumhukumu marehemu. Nataka Wameru tuone jambo moja: aliyekaa mlangoni pa Hazina alikuwa mtoto wetu, na aliyesimama kuuliza alikuwa mtoto wetu pia. Kuwa na mtu wa kwenu Hazina si ulinzi wa fedha zenu. Ulinzi ni maswali, na ni sheria inayomlazimu anayeulizwa ajibu.

MIKONO ILIPOTENGANISHWA

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliivunja ile ofisi ya zamani ikawa mbili. Moja ni ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni lazima aidhinishe kabla fedha hazijatoka. Ya pili ni ya Mkaguzi Mkuu, ambaye hukagua baada ya kutumika. Wa kwanza kushika ofisi hizo walikuwa Agnes Odhiambo na Edward Ouko, walioanza kazi mwaka 2011. Kila mmoja hupewa kipindi kimoja cha miaka 8 na haongezewi, ili asiwe na sababu ya kumbembeleza mtu yeyote.

Basi shilingi ya leo husafiri hivi. Bunge huidhinisha makadirio. Hazina huandika ombi la kutoa fedha. Msimamizi wa Bajeti hulinganisha ombi hilo na sheria iliyopitishwa, akiridhika hutia idhini. Benki Kuu ndipo hutoa. Wizara au kaunti hutumia. Mkaguzi Mkuu hukagua na kutoa ripoti katika muda wa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Kamati za Bunge humwita aliyetumia ajieleze. Mikono sita au saba, na kila mmoja unauona mwenzake. Ni sanduku la Yoashi lililoandikwa upya.

Katiba hiyo hiyo iliagiza kwamba kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2013/2014 kaunti 47 ziligawiwa shilingi bilioni 190. Kufikia mwaka wa 2021/2022 zilikuwa bilioni 370, na katika hizo Meru ilitengewa takriban bilioni 9.5.

Mwaka 2024 unatufundisha zaidi. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaukataa, na tarehe 25 Juni damu ikamwagika Nairobi mbele ya Bunge. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wananchi wengi namna ile kusoma karatasi ya Hazina. Lakini Mswada wa Fedha ni upande mmoja wa daftari, upande wa kuingiza. Upande wa kutoa ni makadirio ya matumizi, na huo haukusomwa na wengi. Mswada ulipoanguka, matumizi yalipunguzwa, na mgao wa kaunti ambao ulikuwa umepangwa kuwa bilioni 400.1 ukashushwa hadi bilioni 387.4. Uamuzi wa nani apunguziwe ulifanywa bila umati kuwa mlangoni. Atakayekataa kodi bila kusoma matumizi ataona zahanati ya kijijini ikikatwa kabla ya safari za wakubwa.

HAZINA YA KAUNTI NA KALENDA YAKE

Sasa tushuke nyumbani. Kaunti ya Meru ina wadi 45, na sisi tumo katika ile ya Kiirua/Naari, eneo bunge la Buuri. Sheria ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na Hazina yake. Kiongozi wake ni Waziri wa Fedha wa Kaunti, msaidizi wake ni Afisa Mkuu wa Fedha, na chini yao ni wale wanaoshughulikia bajeti, uhasibu, mapato, ununuzi na ukaguzi wa ndani. Fedha za kaunti hukaa katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na hapa pia haitoki hata shilingi bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Bunge la Kaunti, ambamo mwakilishi wa wadi yetu huketi, ndilo lenye kukubali au kukataa makadirio.

Nawaomba mwenye kalamu aandike tarehe hizi, kwa sababu ndizo zenye nguvu kuliko maandamano.

Kufikia 30 Agosti, Hazina ya Kaunti hutoa waraka unaoeleza jinsi bajeti ya mwaka ujao itakavyoandaliwa na jinsi wananchi watakavyoshirikishwa.

Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti. Mradi ambao haumo humo hauna mizizi.

Kufikia 30 Septemba, Hazina huandaa taarifa ya mapitio: mwaka uliopita tuliahidi nini na tumetumia nini.

Kufikia 28 Februari, hutoka mkakati wa fedha wa kaunti, ambao huweka kiwango cha kila idara. Sheria inaitaka Hazina itafute maoni ya umma inapouandaa.

Kufikia 30 Aprili, makadirio hufika katika Bunge la Kaunti, na kufikia 30 Juni huidhinishwa.

Ndugu zangu, wengi wetu huitwa mkutanoni mwezi wa Mei. Tunafika, tunapewa soda, tunaomba barabara ya shambani, tunarudi tukisema tumeshirikishwa. Lakini kufikia Mei viwango vya idara vilikwisha kuwekwa Februari. Tumefika harusini chakula kikiwa kimegawanywa. Anayetaka barabara ya kupitishia viazi wakati wa mvua asingoje Mei, aanze Agosti.

KITI CHA MAKANISA

Nimefika penye jambo ambalo ningependa mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Kifungu cha 137 cha sheria hiyo kinaagiza kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Mwenyekiti wake ni gavana. Wamo mawaziri wa kaunti. Na wamo raia wasio watumishi wa kaunti, idadi yao sawa na ya mawaziri hao, walioteuliwa kutokana na majina yanayopendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, na makundi ya dini.

Sikieni vizuri: makundi ya dini. Katika miaka ya themanini na tisini makanisa yalitukanwa kwamba yanaingilia siasa yalipouliza habari za fedha za umma. Leo sheria ya Jamhuri ya Kenya imeyawekea kiti. Anayetuambia kwamba mchungaji akae madhabahuni aache bajeti anabishana na sheria iliyotiwa sahihi na Rais mwaka 2012.

Basi tuulizane kwa upole. Ni nani anayeketi katika kiti hicho kwa niaba yetu? Alipendekezwa katika mkutano gani? Amewahi kurudi kutuambia alichosikia na alichosema? Kama makanisa hayajui jina la mjumbe wao, basi gavana yeyote atajaza kiti hicho na rafiki yake, na rafiki huyo ataitikia amina mahali pasipofaa.

Najua jibu la wengi: tumewahi kushirikishwa na hakuna kilichobadilika. Silikatai. Uko ushirikishaji wa maonyesho, ambapo kitabu cha bajeti huletwa asubuhi ya mkutano, tena kwa Kiingereza kigumu, kisha majina yetu huandikwa kuwa ushahidi kwamba tulikubali. Lakini dawa ya mkutano mbaya si kubaki nyumbani. Aliyebaki nyumbani naye huhesabiwa kuwa amekubali, tena bila soda. Dawa ni kufika tukiwa tumekwisha kusoma, tukiwa na maswali mawili au matatu yaliyoandikwa, na kudai yaingie katika kumbukumbu za mkutano. Sheria inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Hayo ni maswali mawili tayari. La tatu: mwaka jana mlipanga nini Kiirua, na kati ya hayo kimetumika kiasi gani?

Kuna kikwazo kingine, nacho kimo ndani yetu wenyewe. Mheshimiwa akija Jumapili na bahasha ya mabati ya kanisa, ni nani atakayemuuliza Jumatatu habari za mabati ya zahanati? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto. Wengine waliona ni ukosefu wa adabu. Mimi naona lilikuwa somo la hesabu. Kanisa lililopokea bahasha isiyo na chanzo limekwisha kuuza kiti chake katika Jukwaa la Bajeti, hata kama jina lake bado limeandikwa juu ya kiti.

MAMBO MATATU YA KUFANYA

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe. Napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi wala kibali cha polisi.

La kwanza, kalenda ile ya Agosti hadi Juni ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kanisa na kila soko la wadi hii, kwa Kiswahili na Kimeru, na itangazwe kama tunavyotangaza ndoa. Watu watatu katika kila kanisa, mmoja wao akiwa kijana na mmoja mwanamke, wapewe kazi ya kusoma makadirio na ripoti za Msimamizi wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu, kisha kueleza mkutano kwa lugha nyepesi.

La pili, tuandike barua. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na inasema waziwazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ofisi inatakiwa itoe uamuzi katika siku 21. Barua iwe fupi: tunaomba orodha ya miradi iliyopangiwa Kiirua/Naari mwaka uliopita, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa, na jina la aliyepewa kazi. Itiwe sahihi na watu wengi wa madhehebu tofauti. Karani mmoja akiuliza hufukuzwa kazi. Kata nzima ikiuliza haina wa kuifukuza.

La tatu, makanisa ya Buuri yakutane yakubaliane jina la mjumbe wa kupendekeza katika Jukwaa la Bajeti, mtu anayejua kusoma hesabu na asiyegombea cheo, na ambaye atarudi kila robo mwaka kutoa taarifa mbele ya waumini. Na ili tuwe na haki ya kudai hayo, kila kanisa lianze nyumbani: sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wa nyumba tofauti, daftari likaguliwe, na hesabu zisomwe mbele ya washiriki. Hatuwezi kumdai gavana kile tunachomnyima muumini.

Waliotutangulia walidai haki ya kuchagua nani atawale, na wengine walilipia madai hayo kwa vifungo na kwa maisha yao. Haki hiyo tunayo. Iliyobaki ni haki ya kujua anayetawala anafanya nini na mali yetu, nayo imekwisha kuandikwa katika Katiba na katika sheria. Daftari liko. Linangoja wasomaji, na Agosti haiko mbali.

 Mungu aibariki Kenya.